Barabara imo kwenye bajeti ya kaunti, greda haliji: mradi ulidondokea hatua ipi?

Swali: "Barabara yetu ya kilomita 3, kutoka sokoni hadi zahanati, imesomwa kwenye mipango ya kaunti miaka mitatu mfululizo. Mwaka jana tuliambiwa imetengewa Sh6 milioni za moramu na kalvati. Mpaka leo hata greda halijafika. Mwakilishi wadi anasema pesa hazijatoka Nairobi. Ofisi ya barabara inasema mradi 'umesongezwa'. Nianzie wapi kuuliza, na tufanye nini ili mwaka ujao isiachwe tena?" (Msomaji, kaunti moja ya Pwani, Kenya)

Jibu: Majibu yote mawili uliyopewa yanaweza kuwa na ukweli ndani yake na bado yasikufae. "Pesa hazijatoka Nairobi" haielezi kwa nini barabara nyingine za kaunti hiyo hiyo zilipata moramu. "Umesongezwa" haisemi umesongezwa kwenye bajeti gani, ukurasa upi, kwa kiasi gani. Tafuta kwanza hatua ambayo mradi wenu ulidondoka, kwa kuwa kila hatua ina ofisi yake na dawa yake.

Kuna jambo dogo la kumaliza mapema: barabara ni ya nani? Kwa uainishaji wa mwaka 2016, barabara za daraja A, B na C ni za taifa, zikishughulikiwa na mamlaka za KeNHA, KURA na KeRRA. Kuanzia D kwenda chini ni za kaunti. Muulize mhandisi wa barabara wa kaunti namba ya barabara yenu, na uiandike. Jina peke yake halitoshi. Wadi moja inaweza kuwa na barabara tatu za "sokoni", na mtu akitaka kukuzungusha ataanzia hapo.

Sasa tufuate karatasi. Iliyo juu kabisa ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule unaoitwa CIDP, wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Chini yake kuna Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ADP, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, yaani miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza. Kufikia Februari 28 inakuja Taarifa ya Sera ya Fedha, CFSP, inayopanga kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanawasilishwa, na bunge linapaswa kuyapitisha kabla ya Juni 30.

Watu wengi wanaposema "barabara yetu iko kwenye bajeti" huwa wameiona kwenye CIDP au ADP. Hizo si bajeti. CIDP ni orodha ya mahitaji ya miaka mitano, na mara nyingi ukijumlisha gharama zake zote unapata kiasi ambacho kaunti haiwezi kukifikia. ADP inakaribia zaidi, lakini nayo haimruhusu mtu yeyote kutoa hata shilingi moja. Pesa hutengwa na makadirio yaliyoidhinishwa pamoja na sheria ya matumizi inayoyafuata. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa Hazina ya Kaunti ni hili: zile Sh6 milioni zilikuwa kwenye makadirio yaliyoidhinishwa, au zilisomwa tu barazani kutoka ADP?

Ukipewa kitabu cha makadirio, usivunjike moyo usipoona barabara yenu. Bajeti hupangwa kwa programu, kwa hiyo utakuta mstari wa "Barabara na Uchukuzi" wenye jumla kubwa na maelezo ya malengo. Majina ya barabara huwekwa kwenye kiambatisho cha orodha ya miradi ya maendeleo, chenye wadi, jina la mradi na kiasi. Omba kiambatisho hicho kwa jina. Ukiona kimeandikwa "ukarabati wa barabara mbalimbali za wadi" bila majina, basi hakuna barabara iliyotengewa pesa. Kuna kapu, na yupo mtu atakayeamua baadaye litamwagwa wapi. Mstari wa aina hii ndio unaostahili kupigiwa kelele kuliko yote, na ni nadra sana kupigiwa kelele, kwa sababu kila mtu anaamini kapu litaangukia kwake.

Tuseme mmeikuta barabara kwa jina, Sh6 milioni. Basi tatizo liko kwenye fedha taslimu, na hapa jibu la mwakilishi wadi linahitaji kuchambuliwa.

Pesa za kaunti zina vyanzo vitatu vikuu. Cha kwanza ni mgao wa serikali ya taifa, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kwa mwaka wa 2025/26 kaunti zote 47 zilipangiwa Sh415 bilioni. Cha pili ni mapato ya ndani: kodi za ardhi, leseni za biashara, ada za soko, maegesho, hospitali. Cha tatu ni fedha zenye masharti, kama misaada ya wafadhili, ambazo huja zikiwa zimefungiwa kazi maalumu.

Mgao wa taifa hauji ukiwa na jina la barabara. Unaingia kama fungu moja kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, akaunti iliyoko Benki Kuu. Kaunti huomba kutoa, Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha, ndipo pesa zinapohamia akaunti za matumizi na mkandarasi analipwa. Kuchelewa kwa mgao ni kweli kabisa, wakati mwingine kwa miezi miwili au mitatu. Lakini zikifika, ni kaunti inayoamua nani alipwe kwanza. Mishahara ndiyo hutangulia. Kisha yanakuja madeni ya wakandarasi wa miaka iliyopita, ambayo kwa kaunti zote kwa pamoja yamekuwa yakizidi Sh100 bilioni kwa miaka kadhaa. Miradi mipya husubiri nyuma ya foleni hiyo.

Mapato ya ndani yana tatizo jingine, na kwa maoni yangu ndilo linaloua barabara nyingi kuliko ucheleweshaji wa Nairobi. Bajeti lazima ilingane: mapato upande mmoja, matumizi upande mwingine. Kaunti inayotaka kumridhisha kila mwakilishi wadi huongeza makisio ya mapato ya ndani ili miradi yote itoshee kwenye kitabu. Chukua mfano wa hesabu tu. Kaunti inakisia kukusanya Sh900 milioni na mwisho wa mwaka inapata Sh500 milioni. Pengo la Sh400 milioni haliwezi kukatwa kwenye mishahara. Linakatwa kwenye maendeleo, na barabara zaidi ya 60 za Sh6 milioni kila moja zinatoweka bila mtu yeyote kupiga kura kuziondoa. Ripoti za robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti huweka makisio na makusanyo halisi ya kila kaunti kwenye jedwali moja. Tazama kaunti yako kwa miaka mitatu. Ukiona kila mwaka inafikia nusu ya makisio, jua kwamba sehemu ya orodha ya miradi ni karatasi tu tangu siku ilipochapishwa.

Ripoti hizo hizo zitakuonyesha matumizi ya maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo kwa kipindi cha kati, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kwenye kitabu asilimia 30 huonekana karibu kila mara. Kwenye matumizi halisi kaunti nyingi huishia chini yake.

Halafu kuna saa ya Juni 30. Idhini ya kutumia pesa huisha siku hiyo pamoja na mwaka wa fedha. Pesa ambazo hazikutumika hubaki, au hurudi, kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, na haziwezi kutumika tena mpaka bunge la kaunti liziidhinishe upya, ama kwenye bajeti mpya ama kwenye bajeti ya ziada. Ndiyo maana "umesongezwa" si jibu. Mradi hausongi wenyewe. Ukiambiwa hivyo, uliza bajeti ipi iliyoubeba, namba ya mstari na kiasi. Wakishindwa kukuonyesha, basi mradi umekufa na mnaanza upya.

Unaweza kulitabiri hili mapema kwa kutazama tarehe ya tangazo la zabuni. Baada ya tangazo kuna muda wa kuwasilisha zabuni, kisha tathmini inayoweza kufika siku 30, kisha taarifa kwa washindani, kisha siku 14 za kusubiri kabla ya mkataba kusainiwa. Mshindani akikata rufaa kwa bodi ya mapitio, ongeza siku 21 za uamuzi. Hata mambo yakienda vizuri, ni kama miezi miwili. Barabara iliyotangazwa Mei haiwezi kukamilika Juni. Bora ya kutarajia ni mkataba uliosainiwa, na huo una thamani yake, kwa kuwa mradi wenye mkataba una nafasi nzuri zaidi ya kupangiwa tena kuliko mradi mtupu. Sheria ya ununuzi ya 2015 inakataza kuanza zabuni kabla afisa mhasibu hajaridhika kwamba pesa zimo kwenye makadirio yaliyoidhinishwa. Kwa hiyo kama zabuni ilitangazwa, huo ni ushahidi wako kwamba pesa zilikuwa kwenye kitabu.

Mahali pa mwisho ambapo mradi hudondoka ni bajeti ya ziada, na ndipo pa kimya kuliko kote. Kaunti huipitisha katikati ya mwaka, mara nyingine zaidi ya mara moja, kwa sababu halali: mapato yamepungua, mafuriko yametokea, deni la mahakamani limeiva. Lakini mabaraza yaliyojaa watu Aprili huwa matupu wakati huo. Linganisha kiambatisho cha miradi cha makadirio ya kwanza na kile cha bajeti ya ziada, mstari kwa mstari. Barabara yenu inaweza kuwa imeshuka kutoka Sh6 milioni hadi Sh1.2 milioni, au imebadilishwa jina, au imeunganishwa na nyingine mbili kwenye mstari mmoja. Ukikuta hivyo, umelipata jibu lako, na wa kuulizwa ni bunge la kaunti lililoidhinisha.

Karatasi hizi zote unazipataje? Anza na tovuti ya kaunti na ya bunge la kaunti. Kiambatisho mara nyingi hakiwekwi. Hapo andika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na huhitaji kueleza sababu ya kutaka habari. Kuomba hakuna ada. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Ielekeze barua kwa Katibu wa Kaunti, nakala kwa afisa mkuu wa idara ya barabara, na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila muhuri huna tarehe, na bila tarehe huna kesi. Usiandike "naomba habari kuhusu barabara yetu". Andika hivi:

"Naomba nakala za: (1) kiambatisho cha miradi cha makadirio yaliyoidhinishwa ya mwaka wa fedha fulani, wadi yetu, (2) kiambatisho hicho katika kila bajeti ya ziada ya mwaka huo, (3) tangazo la zabuni na barua ya kumpa kazi mkandarasi kwa barabara namba fulani, kama zipo, (4) orodha ya vipimo na bei ya mkataba huo, (5) malipo yaliyofanywa na yanayodaiwa."

Wana siku 21 za kujibu. Wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, wakieleza sababu. Wakikaa kimya au wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Barua hiyo ya pili haihitaji wakili. Ambatisha nakala yenye muhuri.

Sasa mwaka ujao. Kosa la kawaida ni kufika Aprili. Wakati huo viwango vya idara vimeshafungwa na taarifa ya Februari, na kinachobaki ni kugombania makombo ndani ya kiwango. Pelekeni ombi lenu Julai au Agosti, ADP ikiandikwa. Kwanza hakikisheni barabara imo kwenye CIDP, maana isipokuwemo mtaambiwa haina msingi wa mpango. Rudini Januari na Februari, mkisema idara ya barabara iongezewe kiwango. Aprili iwe ya kuhakiki kwamba jina, namba na kiasi vimeandikwa sawasawa.

Ombi lisizidi ukurasa mmoja: namba ya barabara, mwanzo na mwisho, urefu, sehemu mbili au tatu ambazo maji huikata na miezi gani, zahanati inahudumia vijiji vipi, na ukurasa wa mipango ya miaka mitatu iliyopita ambako imetajwa. Kisha ongezeni kitu ambacho karibu hakuna anayekiandika: pesa zitoke wapi. Sheria inasema bunge la kaunti likiongeza fungu moja lazima lipunguze jingine kwa kiasi hicho hicho. Mwakilishi wadi anayeingia kwenye kamati ya bajeti na pendekezo lenye nusu zote mbili ana hoja. Aliyebeba nusu moja amebeba malalamiko tu.

Na kiasi chenyewe kinatosha? Tupige hesabu. Barabara ya kilomita 3, upana wa mita 5, moramu ya unene wa sentimita 15 ikishashindiliwa: 3,000 × 5 × 0.15 ni mita za ujazo 2,250. Moramu iliyo kwenye lori haijashindiliwa, kwa hiyo ongeza kama asilimia 30, unapata karibu mita za ujazo 2,925. Kwa lori la mita 10 za ujazo ni safari 293. Ondoa VAT ya asilimia 16 kwenye Sh6 milioni, inabaki kama Sh5.17 milioni. Gawanya kwa 2,925, unapata takriban Sh1,770 kwa kila mita ya ujazo, na humo mna kuchimba, kusafirisha, kutandaza, kumwagia maji na kushindilia, kalvati zikiwa bado hazijanunuliwa. Mpelekeeni mhandisi wa kaunti namba hiyo na mumuulize kama inawezekana kwa umbali wa machimbo yenu. Akisema haiwezekani, basi bajeti ilikuwa pungufu tangu mwanzo, na hata greda lingefika, mngepata moramu ya sentimita tano itakayooshwa na mvua za masika ya kwanza.

Ikiwa pesa hazitoshi, ningeomba kidogo lakini kamili: kalvati kwenye sehemu mbili zinazokatwa na maji, mitaro pande zote, na moramu ya kilomita 1 ya upande wa zahanati. Barabara ya udongo yenye mitaro mizuri hupitika kuliko ya moramu isiyo na mitaro. Maji ndiyo adui. Moramu ni nguo tu. Tatizo ni kwamba wanasiasa hupenda kutangaza kilomita, na kalvati haina kilomita, kwa hiyo jiandaeni kulisema hili zaidi ya mara moja.

Kazi ikianza, ombeni mwakilishi kwenye kamati ya mradi na nakala ya orodha ya vipimo na bei, ile mafundi wanayoiita BQ. Vitu vya kupima havihitaji uhandisi. Hesabuni malori kwenye daftari, tarehe na namba ya gari. Chimbeni shimo dogo kila mita 200 na mpime unene kwa rula baada ya kushindiliwa. Pimeni mwinuko: kwa barabara ya mita 5 yenye mteremko wa asilimia 5 kila upande, katikati iwe juu kuliko ukingo kwa karibu sentimita 12. Vuta kamba kutoka katikati kwenda ukingoni, isawazishe kwa pima maji, kisha pima kwa rula kutoka kamba hadi ukingo. Kalvati iwe na kuta za mawe au zege pande zote mbili, na mdomo wa kutolea maji uwe chini kuliko wa kuingilia. Kalvati isiyo na kuta hung'olewa na mafuriko ya kwanza, na fundi atakuambia mvua ilikuwa kubwa.

Mkiambiwa katikati ya kazi kwamba bei imepanda, fahamuni mipaka ya sheria ya ununuzi: vipimo vya kazi za ujenzi haviruhusiwi kubadilika zaidi ya asilimia 20, na mabadiliko yote kwa jumla yasiongeze bei ya mkataba zaidi ya asilimia 25.

Mwishoni, malalamiko ya ubora yapelekwe kwa maandishi kwa kamati ya ukaguzi na mapokezi kabla haijasaini cheti cha kukamilika, yakiwa na picha na vipimo. Baada ya cheti bado kuna nafasi moja: mikataba mingi ya aina hii hushikilia sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, mara nyingi miezi 6 hadi 12. Andikeni tarehe ya mwisho ya kipindi hicho kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lenu la malori, na mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo mtembee barabara nzima kwa miguu, rula mkononi.